Kumsindikiza Mwanaamina Ziwani

Nilimpandisha Mwanaamina mlimani kwa sababu moja tu, nimwambie asiende Tanga. Mwanawe Saady alikuwa ameshafika Kasulu kumchukua, yuko pale nyumbani kwa mama yake anazungukazunguka na simu sikioni, anauliza habari za mabasi, na mimi ninayeitwa rafiki wa mama yake nilikuwa sijasema kitu. Mwezi mzima! Kila nikifungua mdomo najikuta nasema mambo mengine. Sufuria hii unaiacha au unaichukua? Leta hizo kanga nizikunje. Begi hili zipu yake mbovu, nitakutafutia jingine. Na mdomo wenyewe ndio huu unaojulikana soko zima kwa kusema. Waulize wauza dagaa, watakwambia Mama Fidele ni nani.

Nikajisemea, hapa nyumbani nimeshindwa, labda kule juu nitaweza. Kule juu ni Kiziba, ziwa dogo lililojificha kati ya vilima, ndani ya msitu ule wa zamani unaouona ukitoka Kasulu kuelekea Kibondo. Kwa Kiha jina hilo maana yake ni dimbwi, na sijui ni mtu gani mwenye gubu aliyelipa ziwa zuri vile jina la dharau. Tukiwa wasichana tulikuwa tunapanda kila kiangazi. Mara yetu ya mwisho tulikuwa bado hatujaolewa.

"Mwana," nikamwambia, "kabla hujaondoka twende Kiziba."

Akaniangalia toka kichwani mpaka miguuni. "Kwa magoti yapi?"

"Haya haya tuliyonayo."

Akacheka, akasema haya, twende.

Mbele za watu yeye ni Mama Saady na mimi Mama Fidele. Tukiwa wawili ni Mwana na Theo, na tukigombana ni "we Mswahili" na "we mkimbizi." Baba yake alitoka Tanga zamani akafungua duka la vitambaa hapa Kasulu. Mimi niliingia nchi hii mwaka wa sabini na mbili, mtoto, nimeshika nguo ya mama yangu gizani tukitoka Burundi. Leo nina uraia, napiga kura, na wajukuu wangu wakisema Kirundi unaweza kufa kwa kucheka. Lakini Mwanaamina bado ananiita mkimbizi, na ole wake mtu mwingine aniite hivyo mbele yake.

Tulijuana kwa sababu ya mikeka. Mama yangu alisuka mikeka ya ukangaga, yale majani marefu yanayoota majini, akawa anaiuza barazani kwa baba yake Mwanaamina. Ukangaga wa mabondeni huku chini ulikuwa mfupi na unakatika. Wa Kiziba ulikuwa mrefu, laini, unapinda bila kuvunjika. Kwa hiyo kila kiangazi akina mama walipanda na miundu yao kwenda kuukata, na mimi nyuma yao. Siku moja mtoto wa mwenye duka akalia mpaka akaruhusiwa kuja. Akaja na ndala mpya. Kufika msituni akazivua akazibeba kichwani ili zisichafuke, miguu peku, anakanyaga miiba na anasema haimchomi.

Sasa Salumu, mume wake, alifariki mwaka jana. Mwanaamina akakaa eda, akamaliza, akabaki peke yake kwenye nyumba kubwa ile. Baridi ilipoingia akaanguka jikoni. Presha. Akalala sakafuni asubuhi yote mpaka nilipokuja na maziwa nikamkuta anaangalia dari, ananiambia, "Umechelewa, chai imepoa." Saady aliposikia akapanda basi. Mama huwezi kukaa peke yako, mama twende Tanga, wajukuu hawakujui. Alikuwa na haki kijana wa watu.

Lakini mimi nilikuwa nimeshatengeneza chumba cha Fidele. Fidele mwanangu yuko Mwanza, harudi leo wala kesho. Nilitoa mahindi yote yaliyokuwa yamejaa mle, nikapaka chokaa, nikaweka godoro jipya, kitanda nikakielekeza dirishani kwa kuwa Mwana anapenda upepo. Hata kibirika cha kutawadhia niliweka. Nilichobakiza ni kumwambia, basi, na hicho ndicho kilichonishinda.

Bodaboda zilitufikisha kijiji cha mwisho jua likiwa bado halijawa kali. Kijana aliyenibeba mimi akauliza, "Bibi zangu, huko juu mnaenda kwenye maombi?"

"Tunaenda kuogelea," Mwanaamina akamjibu, uso mkavu kabisa. Kijana akawasha pikipiki yake akaondoka anatikisa kichwa.

Nilikasirika mapema siku ile. Pale ambapo zamani msitu ulikuwa unaanza, sasa ni mihogo na tangawizi, shamba baada ya shamba. Nikatafuta mkuyu tuliokuwa tunapumzika chini yake, nikakuta kisiki, na juu ya kisiki mtu ameanika maharage. Nikawatukana wote waliokata, kwa Kiswahili na kwa Kiha. Mwanaamina akanikumbusha kwamba tangawizi ninayotia kwenye chai yangu haidondoki kutoka mbinguni.

Tukapandisha kwa muda, nimeinamisha kichwa nahesabu makosa ya watu, mara nikahisi baridi shingoni. Nikainua macho. Msitu ulikuwa umetumeza. Ulikuwepo! Umerudi nyuma, umepungua, lakini kuanzia pale ulikuwa ni uleule, mivule ambayo ukitaka kuona vilele vyake lazima ushike kilemba kisianguke, kamba za miti zinaning'inia, chini majani yameoza tabaka juu ya tabaka mpaka mguu unazama. Na harufu. Harufu ile ya uyoga na maji na kitu kama mdalasini, sijaisikia mahali pengine popote. Mwanaamina alisimama akavuta pumzi, akafumba macho. "Theo," akasema, "mama yako yuko wapi?" Nikamwelewa. Mimi pia nilikuwa namtazamia atokee mbele yetu kwenye njia, na mundu wake begani, anatuhimiza, hima bana, hima.

Walikuwa wanapanda kwa mstari, wanawake wa kwetu, na hakuna aliyejua kunyamaza. Walisemana, waliwasema waume zao, walimsema padri. Mtu akipitwa na neno mbele, aliye nyuma yake anamrudishia, neno linatembea mstari mzima mpaka kwetu watoto, na likifika kwetu limeshakuwa jambo jingine. Tulicheka bila kujua tunacheka nini. Mwanaamina alijifunza Kiha chake chote kwenye njia ile, ndiyo maana mpaka leo kina matusi mengi kuliko inavyompasa mwanamke wa heshima zake.

"Unakumbuka Mama Mpawenimana?" akaniuliza.

"Aliyekutana na sokwe?"

"Akamwambia bwakeye!"

Tukacheka mpaka tukashika miti. Ni kweli, alikunja kona akakutana uso kwa uso na sokwe dume, na kwa hofu akamsalimia kama anavyosalimiwa mkwe, kapiga makofi na kuinama. Sokwe akampisha njia. Mama Mpawenimana aliringa nalo jambo lile mpaka kufa kwake, kwamba ana adabu inayotambuliwa hata na wanyama.

Tukafika kwenye mvule ulioanguka, gogo kubwa limelala kukatisha njia, limeota majani na uyoga mgongoni. Tukakaa. Hondohondo walikuwa wanapita juu, mabawa yao yanavuma. Mwanaamina akajifuta jasho, akanigeukia, uso umetulia, na nikaona hapa ndipo penyewe.

"Mwana."

"Naam."

"Mwana, nilikuwa nataka..." Macho yakaniangukia miguuni kwake. "Nilitaka kusema... kamba ya kiatu chako imefunguka."

Akatazama kiatu. Akanitazama mimi. "Imefunguka kweli," akasema. Nikainama nikamfungia mwenyewe, nikakaza mpaka akasema basi, unanikata mguu.

Baada ya pale njia ilisimama wima. Tulipanda kwa kushika mizizi, hatua mbili na kupumzika, na mimi nasikiliza pumzi yake kuliko yangu. "Ukinifia huku," nikamwambia, "Saady atanizika na mimi hapohapo."

"Nitakufa Tanga kwa joto, usijali. Hivi utajisikiaje ukisikia mwenzio ameyeyuka?"

Mtu mwenye akili angesema, basi usiende. Mlango ule ulikuwa wazi kabisa! Mimi nikasema nini? Nikasema, "Tanga kuna bahari, kuna upepo jioni. Utakula samaki wabichi kila siku. Utanenepa." Nikaendelea, nikamsifia barabara, siku hizi lami mpaka mlangoni, nikamsifia hospitali za kule ambazo sijawahi kuzitia machoni. Nilijisikia nikisema na nilitamani kujipiga kibao. Mwanaamina akanipita. Akashika mzizi uliofuata akajivuta juu, na tangu hapo mpaka kileleni alikuwa mbele yangu, nikawa naona mgongo wake tu.

Halafu miti ikaachana na tukaliona.

Sijui niseme nini kuhusu Kiziba. Ni ziwa dogo, mtoto mwenye nguvu akirusha jiwe linafika katikati. Vilima vimelizunguka, msitu umeshuka mpaka ukingoni kunywa maji, na siku ile hapakuwa na upepo, kwa hiyo kila mti ulikuwepo mara mbili. Maji meusi ukiyatazama kwa mbali, ukiyasogelea unaona mpaka mchanga. Nilikuwa nimejiandaa kukuta limekauka, au limekuwa dogo, au mtu amejenga hoteli. Halikuwa limebadilika hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa bibi. Nikaanza kulia, na sikujificha, nikalia kwa sauti kama msibani.

Mwanaamina alivua viatu, akakunja gauni, akaingia maji mpaka magotini. "Yoo!" akapiga kelele, kwa Kirundi chetu kabisa. "Baridi ya wachawi!" Akanirushia maji usoni. Nikamfuata. Wanawake wazima wenye wajukuu, tunarushiana maji, na mtu angetuona angeamini tulikuja kwenye maombi na mapepo yamekataa kutoka.

Kilichonigusa ni ukangaga. Zamani tukifika tulikuta wanawake wa vijiji vya upande wa pili wametutangulia, tunagombania kona nzuri, na kiangazi kikiisha ukingo wote umenyolewa. Sasa umejaa. Umesimama mzima mzima, umekua mpaka umejilalia wenyewe, wa mwaka huu juu ya wa mwaka jana uliokauka, hakuna anayekuja. Nani atakuja? Mikeka ya plastiki ipo sokoni, ina maua na picha za msikiti. Hata mimi ninayo sebuleni, sisemi uongo.

Adhuhuri ikaingia. Mwanaamina akatawadha ziwani, akatazama jua akaupata upande wa kibla, akatandika kanga akaswali. Nikakaa juu ya jiwe namsubiri. Jiwe lilelile nililokuwa namsubiria nikiwa na kifua bapa, na mama yangu anawaambia wenzake wanyamaze kidogo, mtoto wa mwenye duka anaongea na Mungu wake. Nilimtazama akiinama na kuinuka, anajishika goti wakati wa kuinuka, na nikajua kwamba nikirudi Kasulu bila kusema sitasema tena. Nikasali na mimi kidogo. Nikasema Mungu wangu, huyu nimpate.

Tulikula viazi vitamu na maharage ya mawese niliyokuwa nimefunga kwenye majani ya mgomba. Alipomaliza akanawa, akasema, "Nataka nikate mzigo mmoja. Nikasuke mkeka wa Kiziba niutandike chumbani kwangu Tanga."

Chumbani kwangu Tanga. Basi, ameshapaita kwake. Nikachukua mundu niliokuwa nimeubeba pamoja na chakula. Nilikata kwa hasira, nakwambia, sijui kama mama yangu siku zake za ujana alikata vile. Nikachagua mrefu, nikaupanga, vichwa upande mmoja, nikaufunga kamba tatu kama tulivyofundishwa ili usicheze kichwani. Nikazungusha kanga yangu nikatengeneza ngata. Huku kwetu mzigo wa ukangaga mtu hajitwiki mwenyewe, ni mrefu na unayumba, lazima mwenzako akunyanyulie. Mwanaamina akasimama mbele yangu, shingo imenyooka. Nikamwekea ngata, nikainua mzigo, nikamtwika, nikausawazisha, nikampigapiga bega kama tulivyokuwa tunafanya zamani kumwambia mtu tayari, nenda.

Hakwenda.

"Nitue," akasema.

"Umekaa vibaya?"

"Nitue huu mzigo, Theodosia!"

Jina langu zima hajalitaja tangu siku ya harusi yangu. Nikamtua. Ukangaga ukaanguka kati yetu.

"Nimekukosea nini?" akaniuliza.

"Mimi?"

"Niambie nilichokukosea. Mwezi mzima unanifungia mizigo. Nguo umekunja wewe. Vyombo umefunga wewe. Begi limeharibika, nikasema alhamdulillah, labda ni ishara, wewe mbio sokoni ukaniletea jipya. Nikisema Tanga joto, unasema kuna bahari. Nikisema mbali, unasema lami. Leo ukaniambia twende Kiziba, nikasema leo, leo huyu mtu ana neno. Nimepanda mlima na presha yangu kulifuata hilo neno! Na wewe unanifunga kiatu, unanitwika mzigo, unanipigapiga bega niende!"

"Mwana, mimi..."

"Kwetu hata mtu aliyekuja kuomba chumvi, akisema naondoka anaambiwa kaa kwanza, mbona mapema. Akikataa anaambiwa tena. Anashikwa mkono. Ndiyo adabu! Mimi wa miaka yote hii hukuniambia hata kwa adabu, hata kwa uongo!"

Nikakaa chini palepale kwenye matope. Na hapo ndipo nikamwambia kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mume wangu. Nikamwambia habari za mjomba wangu Leonidasi. Mwaka ule wa sabini na mbili mjomba alikuja kwetu mchana, ana mkoba tayari, akamwambia mama, dada, mimi navuka leo. Mama akamwambia usiende, kaa, maharage yamekomaa, tuvune kwanza halafu twende wote. Akamshika mkono. Mjomba akakaa kwa sababu aliombwa na dada yake. Kabla maharage hayajavunwa askari walikuja wakamchukua, na hatukuona hata nguo yake.

"Tangu siku ile," nikamwambia, "mama hakumwambia mtu yeyote asiende. Mtu akisema naondoka, mama anainuka anamfungia mzigo. Akatufundisha hivyo. Mdogo wangu Ange alipokuwa anarudishwa Burundi kutoka kambi ya Mtabila, malori yamepangwa, nilikwenda nikamfungia sufuria, nikambebea mtoto mpaka kwenye lori. Moyo unapasuka, mdomo umefungwa. Nikawa naona nikimwambia kaa na jambo likamkuta, mimi ndiye nitakuwa nimemuua. Mwana, sisi mtu tunayempenda hatumzuii. Ndivyo tunavyojua. Tunamfungia mzigo wake vizuri."

Mwanaamina akawa ananitazama.

"Ya Rabi," akasema polepole. "Kumbe ulikuwa unanipenda na masufuria yangu yote."

"Nimetengeneza chumba cha Fidele," nikasema. "Nimepaka chokaa. Kitanda nimekiweka dirishani."

"Cha nani?"

"Cha nani tena! Chako, we Mswahili usiyejua kitu!" Na sasa lililokuwa limekwama kooni likatoka, halikutoka vizuri, lilitoka na makamasi. "Usiende. Mwana, usiende. Nakuomba. Nitakupikia, nitakuletea maji ya kutawadha, nitalala mlango wa pili nikusikie ukikohoa. Usiende Tanga."

Akaja akakaa na yeye kwenye matope, na gauni lake la kitenge kizuri. Akanishika mkono akalia kimya kimya, mimi nikilia kwa kelele zangu, tukawa tumekaa vile mpaka tukaanza kusikia baridi. Nikaanza kuona furaha. Nilikuwa nimeshafika mbali sana kwenye mawazo, nimeshamwamsha asubuhi, nimeshagombana naye kuhusu chumvi kwenye maharage.

"Nitakwenda, Theo," akasema.

Nikamwachia mkono. "Umesemaje?"

"Nimemwahidi mwanangu. Ana watoto wanne na hawajawahi kunusa kanga yangu. Nitakwenda."

"Sasa umenifanya niseme ili iweje?" Nilitaka kumsukuma ziwani, Mungu anisamehe.

"Ili niwe nimeambiwa," akasema. "Nimezaliwa Kasulu. Nimeolewa Kasulu, nimezaa, nimezika Kasulu, na mpaka leo asubuhi nilikuwa naondoka kama mpangaji aliyemaliza mkataba wake, kila mtu ananisaidia kutoa vyombo. Sasa naondoka mahali ambapo kuna mtu ameniambia usiende. Unaelewa tofauti yake wewe?"

Nilielewa, na nilimchukia kwa kunifanya nielewe. Nikanyanyuka, nikamnyanyua na yeye, tukakung'utana matope. Mzigo wa ukangaga ulikuwa bado umelala pale. Nikauinua nikajitwika mwenyewe, sijui nilipata wapi nguvu hizo, na nikamwambia atangulie, yeye apite mbele nimuone asianguke. Njia nzima ya kushuka nilikuwa nanung'unika nyuma yake. Nikamwambia Tanga kuna mbu. Kuna unyevu, mkeka utaoza. Watoto wa siku hizi hawaamkii bibi zao, wameshika simu. Samaki wana miiba. Nilisema yote niliyoyameza mwezi mzima, na yeye kila baada ya hatua chache anasema, "Ehe, sema tena," na mabega yake yanacheka. Msituni mlikuwa mmeshaanza kuingia kivuli, na ilikuwa kama mstari ule wa wanawake upo, umebaki na watu wawili tu.

Basi lao liliondoka asubuhi. Stendi ya Kasulu ilijaa ukungu na watu na magunia. Saady aliingiza mabegi, akauinua ule ukangaga, akaniuliza, "Mama mkubwa, na haya majani kweli tunayapeleka?" Nikamtazama tu, akayaingiza haraka. Akaniaga vizuri, kijana mwenye adabu, akaniomba niwaombee safari. Mama yake alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi.

Sijui kilichonipata. Nilikuja pale nimejiapiza kutulia. Nilipita katikati ya watu nikamshika Mwanaamina mkono, mkono wenye bangili, nikamvuta. Katika maisha yangu yote sijawahi kumshika mtu anayeondoka. Niliogopa, na nilimshika hivyohivyo.

"Usiende!" nikasema. Nilisema kwa sauti. Wauza mayai wakageuka. "Mama Saady, kaa kwanza! Mbona mapema? Usiende!"

Saady akasimama ameduwaa, begi begani. Mwanaamina alikuwa anacheka na machozi yanamwagika mpaka kidevuni, amenyoosha shingo kama bibi harusi anayeimbiwa, anawatazama watu wote waliokuwa pale stendi kuhakikisha wamesikia. Nikaushika mkono wake kwa mikono yangu miwili.

Kondakta akatoa kichwa mlangoni. "Jamani mama zangu, tunachelewa. Huyu mama anasafiri au hasafiri?"

"Anasafiri," nikamjibu. "Mimi namzuia tu."